Je, Mtoto Aliyelala Ana Kosa?



Lipo jambo ambalo wenzi wengi hulificha hata kwa majirani wa karibu: mtoto wa miaka saba au minane bado anakojoa kitandani. Asubuhi mama anaanika ngozi au godoro nyuma ya nyumba, baba anashika fimbo, na kabla ya chai watu wazima wawili wamekwisha kugombana. "Wewe ndiye unayemdekeza!" "Yametoka kwenye ukoo wenu!" Basi tujiulize: je, ni haki kumwadhibu mtu kwa jambo lililomtokea usingizini?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeishi karne ya 13, alitofautisha tendo analolitenda mtu kwa akili na hiari na lile linalotokea tu mwilini mwake. La kwanza laweza kusifiwa au kulaumiwa. La pili haliwezi. Kukojoa usingizini ni la aina ya pili. Watoto wengine hulala fofofo hata kibofu kilichojaa hakiwaamshi. Wengine kibofu chao hakijaweza kushika mkojo mwingi. Wengine miili yao haijazoea kupunguza mkojo usiku. Kabla ya miaka mitano hali hii haihesabiwi kuwa ugonjwa. Wakiwa na miaka saba, watoto kati ya 5 na 10 katika kila 100 bado hukojoa, na kila mwaka baadhi yao huacha wenyewe.

Hilo la ukoo lina ukweli wake. Mzazi mmoja akiwa alikuwa kikojozi, uwezekano wa mtoto kukojoa hufika kama 40 kwa 100. Wakiwa wote wawili, hupita 70. Kwa hiyo, baba, kabla hujainua fimbo, muulize mama yako habari zako za utotoni.

Huenda ukajibu: "Simchapi kwa kuwa ana hatia, namchapa ajifunze." Lakini fimbo husema na hiari, na usiku ule hiari imelala. Anachojifunza mtoto ni kuogopa usiku na kuficha shuka. Ukimwacha ndugu zake wamwimbie nyimbo za kikojozi, unamwadhibu mara ya pili.

Tukubali kwamba hasira yenu ina sababu. Kakuma, kufua blanketi ni mitungi ya maji, na maji yana foleni. Uchovu wa mama ni wa kweli. Hata hivyo, uchovu wetu si ushahidi wa kosa la mtoto.

Basi mfanye nini?

Kwanza, chunguzeni. Je, hajawahi kulala mkavu, au alikuwa mkavu kwa miezi sita au zaidi kisha akaanza upya? Akianza upya, tafuteni kwa upole kilichomsumbua: msiba, ugomvi wenu, au mtu anayemdhulumu. Tangu mwaka 1992 kambi ya Kakuma imepokea watoto wengi waliokimbia vita. Mtoto aliyekimbia risasi hahitaji vitisho vingine.

Pili, mpelekeni hospitali, kama ile ya Rufaa ya Kaunti mjini Lodwar au ya Misheni Kakuma, akiwa na homa, maumivu au damu katika mkojo, choo kigumu, kukoroma sana, au akijikojolea hata mchana. Kiu isiyokwisha pamoja na kukonda yaweza kuwa kisukari. Hapo msingoje kesho.

Tatu, msimnyime maji. Katika joto la Turkana hiyo ni hatari. Anywe vya kutosha asubuhi na mchana, apunguze muda wa saa mbili kabla ya kulala, aache chai ya jioni, na akojoe kabla ya kulala.

Nne, wekeni daftari la siku kavu na siku za kulowa. Msifuni kwa kufuata utaratibu, maana huo anauweza. Ukavu wenyewe hauamrishi. Ikibidi, daktari aweza kushauri kengele inayolia shuka inapolowa, au vidonge vya desmopresini. Anayevitumia asinywe maji mengi usiku, na msivinunue bila ushauri wa daktari.

Je, mtoto asiye na hatia hana wajibu wowote? Anao. Aweza kusaidia kubeba matandiko na kuyaanika, kama anavyosaidia kuteka maji. Lakini afanye hivyo kama mtu wa nyumba hii, si kama mfungwa. Tofauti ataisikia katika sauti zenu.

Nanyi wawili, jioni ya leo, watoto wakiisha kulala, zungumzeni: nani ataamka usiku huu, na nani atafua kesho? Kama jibu ni mama mara zote mbili, basi liko jambo la haki ndani ya ndoa yenu ambalo halimhusu mtoto hata kidogo.