Fundi, Mwanafunzi na Deni la Kijiji

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano mmoja ambao wazee wetu wanaujua sana. Msomi, kwa mfano huo, ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Akila halafu asirudi, huyo ni msaliti. Na mzee hakuwa anatania. Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20.

Siku hizi kijiji hakigawi chakula bure, kinakopesha. Tangu 2005 iko Bodi ya Mikopo, na aliyekopa akishapata ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Basi sikiliza hoja ya vijiweni, hasa tangu mwisho wa 2022, ChatGPT ilipotoka na akili mnemba ikafika mpaka kwenye simu ya mshikaji wa bweni. Anapewa insha ya kurasa kumi, anaiagiza mashine, insha inakamilika kabla chai haijapoa. Ukimuuliza anakujibu: "Bumu ni deni langu, nitalilipa mwenyewe. Wewe inakuuma nini?"

Hoja hiyo si nyepesi, ndugu msomaji. Deni la fedha likilipwa limekwisha. Lakini kijiji hakikumtuma akarudishe fedha tu. Kilimtuma akajue kitu. Na fedha zenyewe za kumkopesha zinatoka pia kwenye kodi zetu, sisi wengi tulioishia sekondari. Daktari aliyemaliza mkopo wake wote lakini hajui kusoma dalili bado ana deni, tena kwa mgonjwa ambaye hajawahi kumwona.

Nenda Mwenge, pale kwa wachonga vinyago. Kijana anayejifunza anapiga msasa mpaka vidole vinakufa ganzi, na fundi yuko pembeni anamtazama mkono. Hata lugha inalijua hilo: fundi, mafunzo, mwanafunzi, shina ni moja. Ujanja nao upo, tusipambe. Mti mweupe wa bei chee unapakwa rangi ya viatu, mtalii anauziwa "mpingo" na kuondoka akichekelea. Ila fundi mwenzako humdanganyi. Atakikwangua kinyago chini kwa kisu, atakipima uzito mkononi. Mpingo wa kweli hata ukiutupa majini unazama.

Sasa chuoni nani anakwangua? Hapa nawatetea kidogo hao wadesaji. Mhadhiri mwenye darasa la mamia ya watu anaiona karatasi, mkono hauoni. Kudesa kulikuwapo kabla ya mashine hizi: madesa ya kaka wa mwaka wa tatu yanarithiwa kama mashamba, na wako waliokula mlo wao kwa kuwaandikia wengine tasnifu. Akili mnemba imekuta mlango uko wazi, ikaingia bila hodi. Tulijaza kumbi, tukasahau kuongeza mafundi.

Wapo wanaotaka ipigwe marufuku. Mimi siko upande huo. Seremala mwenye randa ya umeme ni seremala vilevile, maana umeme ukikatika bado anajua ubao utapasukia wapi. Mwanafunzi ambaye ukimzimia simu ana la kusema juu ya insha yake, aitumie mashine, hajamwibia mtu. Asiye na la kusema ni ule mti mweupe wenye rangi ya viatu.

Kumpima kunawezekana. Aketi mbele ya mwalimu dakika 20 aulizwe: hili umelitoa wapi, kwa nini umesema hivi na si vile? Wanafunzi 300 kwa dakika 20 ni saa 100, kwa insha moja tu. Nani atazilipia? Kwenye mkopo kuna fungu la ada, la chakula na malazi, la vitabu, la mafunzo kwa vitendo. Saa hizo 100 sijaziona kwenye fungu lolote. Kwa sasa aliye tayari kukesha na mwanafunzi akimjibu swali baada ya swali, eti ni hiyo hiyo mashine tunayoilaumu.