Ufunguo kwenye Pindo la Kanga

Mofini na heroini zinatofautiana kwa makundi mawili tu ya asetili. Zote ni za ukoo wa aizokwinolini. Ukizichora ubaoni utadhani ni pacha.

Nyumbani kwetu Tanga pacha hao walikutana. Bibi alikuwa na saratani, akinywa mofini ya maji kila baada ya saa nne. Binamu yangu alikuwa teja wa unga. Mama akaifungia chupa kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Maabara tunasema kemikali haina kosa, ni kama kisu. Wa kulaumiwa ni anayekishika. Mwaka 1874, jijini London, C. R. Alder Wright alichemsha mofini pamoja na anhidridi ya asetiki. Hakukusudia kumdhuru mtu. Mwaka 1898 Bayer wakaiuza heroini kama dawa ya kikohozi.

Lakini kisu hakiubadilishi mkono unaokishika. Mofini na heroini huubadilisha. Basi lawama tuiweke wapi, ikiwa anayechagua leo si yule aliyechagua jana?

Nilidhani jibu ni ufunguo. Kisha usiku mmoja Mama alipitiwa na usingizi, saa ya dawa ikapita, Bibi akaanza kulia. Aliyemwamsha Mama ni binamu yangu. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akaitazama chupa mpaka iliporudishwa kabatini.

Asubuhi Mama aliufunga tena ufunguo palepale. Sikumlaumu. Ila tangu siku ile, ule mfano wa kisu sijautumia tena.