Machozi Yasiyo na Mfiwa

Kolo ni kijiji kilicho kaskazini ya mji wa Kondoa, katika nchi ya Warangi, kando ya njia kuu itokayo Dodoma kwenda Arusha. Juu ya kijiji hicho vimesimama vilima vya mawe, na chini ya miamba iliyoinama mfano wa dari watu wa zamani waliacha michoro yao. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa katika wilaya hiyo miezi kadha akiinakili, na mwaka 2006 miamba ya Kondoa iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Umri wa michoro hiyo bado hubishaniwa, na waliochora hawakuacha jina wala neno.

Mmoja katika michoro ya Kolo una watu watano wa rangi nyekundu, wembamba kama mabua. Wa katikati husemwa kuwa mwanamke. Wawili walio upande wa kulia wana vichwa vya ajabu, kana kwamba wamevaa vinyago, nao wamemshika mkono mmoja. Wawili wa upande wa kushoto, nyuso zao wazi, wameshika mkono wa pili. Leakey aliuona kuwa ni mchoro wa utekaji: wenye vinyago wanamvuta mwanamke wamchukue, na jamaa zake wanamzuia asiende. Tangu hapo wageni wengi huongozwa wautazame hivyo, na aghalabu husimama kimya mbele yake kama watu waliofika matangani.

Walakini wataalamu wengine, kwa kulinganisha michoro hii na ngoma za uganga za Wasandawe na za watu wa kusini mwa Afrika, wamesema kuwa hapana utekaji hapo. Watu hao watano wako ngomani. Mmoja amepandwa na nguvu za uganga, na wenziwe wanamshika asianguke. Ikiwa maelezo haya ndiyo ya kweli, basi kimya cha wageni ni kilio cha msiba usiokuwapo. Mistari haijabadilika hata mmoja. Kilichobadilika ni hadithi, na hadithi ilipoondoka huzuni iliondoka nayo. Je, huzuni ilikuwa katika mwamba, au katika mtazamaji?

Swali hili halikuzaliwa Kolo. Waitalia walilikuta walipoanza michezo yao ya kuimbwa, ile iitwayo opera, kwa nia ya kufufua tanzia za Wayunani wa kale. Mwaka 1608 Monteverdi alitunga mjini Mantua mchezo wa Arianna, binti aliyeachwa kisiwani na mpenzi wake. Muziki wa mchezo ule umepotea. Kilichosalia ni maombolezo ya Arianna peke yake. Harusi, wachezaji na vinanda vyote vimekwenda, kilio kimebaki. Watu huweza kuyasikiliza maombolezo hayo hata leo na kulengwa na machozi, lakini wangefanya hivyo kama hawangejua kwamba kuna binti na kwamba ameachwa?

Jibu moja limo katika mchezo mwingine unaotokea Mantua hiyo hiyo, Rigoletto, alioutunga Giuseppe Verdi na kuonyeshwa mara ya kwanza mjini Venice mwaka 1851. Rigoletto ni kibiongo, mchekeshaji wa mtawala mwenye kupenda anasa. Mzee mmoja, Monterone, anaingia barazani kulalamika kwamba binti yake amevunjiwa heshima na mtawala huyo. Rigoletto anamgeuza mzee kuwa kichekesho, na mzee anamlaani. Kisha usiku watu wa baraza, wamevaa vinyago, wanakwenda kumteka binti wa Rigoletto mwenyewe, Gilda. Wanamdanganya baba kwamba mwanamke anayetekwa ni wa jirani. Wanamfunga macho, naye anawashikia ngazi. Baadaye analipa muuaji ili mtawala afe. Gilda, ambaye bado anampenda mwanamume aliyemharibu, anajitoa auawe badala yake. Rigoletto anapokea gunia, anafurahi, anataka kulitupa mtoni. Mara anasikia sauti ya mtawala ikiimba kwa mbali. Ndipo analifungua.

Wimbo huo ndio unaostahili kufikiriwa. Ni wimbo mwepesi wa mlevi wa mapenzi, unaosema kwamba wanawake hawana msimamo. Mtu aweza kuupiga mluzi akienda sokoni, na wengi wamefanya hivyo. Unaposikika mara ya kwanza watu hutabasamu. Unaporudi mwishoni, sauti ni zile zile, mwendo ni ule ule, wala Verdi hakuongeza ndani yake chembe ya majonzi. Lakini pengine hapana sauti yenye kutisha zaidi katika mchezo mzima. Kwa hiyo si kweli kwamba huzuni hukaa katika muziki kama maji katika mtungi. Hukaa katika kujua. Aliye ukumbini anajua ni nani aliye ndani ya gunia, na kujua huko hugeuza wimbo wa furaha kuwa msiba, kama vile hadithi ya Leakey ilivyogeuza watu watano wa rangi kuwa mwanamke anayelia.

Hapo lazuka jambo zito kuliko la elimu ya sanaa. Kosa la Rigoletto lilikuwa nini? Hakumteka binti wa Monterone. Alitazama uchungu wa baba mwingine akaufanya burudani. Naye aliyelipa kiingilio ili akae katika kiti cha mahameli na kutazama uchungu wa Rigoletto, amefanya nini zaidi ya hayo? Ataambiwa kwamba yeye alilia na yule alicheka, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini wote wawili walistarehe, na wote wawili waliamini kwamba jambo halitafika nyumbani kwao.

Mwana mmoja wa Afrika alikwisha kuwashitaki watazamaji wa namna hii. Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Aljeria, alipenda mno michezo ya huzuni alipokuwa kijana mjini Karthago. Alipokuwa mtu mzima aliandika katika Maungamo yake kwamba huruma ile ilikuwa ya ajabu, kwa kuwa mtazamaji haitwi kusaidia, huitwa kuhuzunika tu. Na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyomsifu mwigizaji. Aristotle, kabla yake, alidai kwamba hofu na huruma za jukwaani huisafisha nafsi. Agostino hakuona usafi wowote. Aliona mtu anayejikuna jeraha kwa kuwa kujikuna ni kutamu.

Shitaka hili lina nguvu, lakini halikamiliki. Waendao msibani hawawezi kumfufua maiti. Wengine, na kila mtu wa nchi hizi analijua jambo hili, humlilia marehemu wa leo huku wakiwalilia na wafu wao wa miaka iliyopita, wala hapana awezaye kuwaambia kwamba wamelia uongo. Chozi halipimwi kwa msaada peke yake. Walakini msiba una kitu ambacho ukumbi hauna. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Aliaye msibani humlilia mtu aliyeketi pale mkekani, akisikia, akijua kwamba fulani amekuja. Katika opera mfiwa huinuka pazia lishukapo, hufuta rangi usoni, akaenda kula. Chozi limetoka, na hakuna wa kulipokea.

Ndiyo maana miamba ya Kolo ina haki ya kutazamwa mara mbili. Wako wanaopanda kilima kutazama michoro, wakaelezwa habari ya mwanamke, wakahuzunika, wakashuka. Na wako watu wa jirani ambao miamba hiyo, hasa mahali paitwapo Mungomi, haikuwa kwao makumbusho kamwe. Hao hupanda kutambika, kwa ajili ya ugonjwa au kwa ajili ya mvua iliyokataa. Hawahitaji kuambiwa kama yule wa katikati anatekwa au anaganguliwa, kwa sababu hawakupanda kutafuta huzuni. Wamekuja nayo: mtoto mwenye homa yuko nyumbani, shamba la uwele linakauka chini ya kilima, na watakaposhuka watavikuta vyote viwili.