Muda Uliookolewa ni wa Nani?

Karibu kila ushauri anaopewa mfanyabiashara mdogo kuhusu teknolojia huanza na ahadi ya muda. Akihamisha hesabu kutoka kwenye daftari kwenda kwenye programu ya simu, ataokoa saa zake za jioni. Akipokea malipo kwa Lipa Namba, hatahangaika na chenji wala foleni ya benki. Akichukua oda kwa WhatsApp, mteja aliyeko Tegeta hatalazimika kufika Kariakoo ndipo ajue kama kitenge anachokitaka kipo. Ahadi hizo ni za kweli, na anayezibeza hajui jinsi biashara ndogo inavyokula siku ya mtu. Lakini washauri huishia hapo, nje ya swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia kwa karne nyingi: muda ukishaokolewa, unakuwa wa nani? Msimamo wangu ni kwamba chombo hakina uwezo wa kumpa mtu pumziko. Kinaokoa dakika, kisha kazi inazidai dakika zile zile, na itaendelea kuzipata hadi mtu aiwekee mpaka ambao haukutoka ndani ya kazi yenyewe. Mpaka huo ndio unaopaswa kutangulia, programu zifuate.

Hoja hii haitokani na kutamani zama za daftari na kalamu. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, ilitangazwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Haikuchukua muda ikawa njia ya kulipia mkate, nauli na kodi ya pango. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016 kwenye jarida la Science walikadiria kwamba huduma hiyo ilikuwa imezitoa kaya 194,000 katika umaskini, yaani kiasi cha asilimia 2 ya kaya zote za nchi hiyo. Walikadiria pia kwamba wanawake wapatao 185,000 walihamia kwenye biashara kama shughuli yao kuu. Mtu yeyote anayetaka kuilaumu simu ana wajibu wa kuzitazama kwanza kaya hizo. Mimi nazitazama, na kwa sababu hiyo hiyo nauliza kama wanawake hao, baada ya kupata biashara, walipata pia jioni.

Historia ya vyombo vinavyookoa muda haitupi sababu ya kudhani kwamba jioni huja yenyewe. Mwaka 1930 mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alitabiri kwamba baada ya miaka 100 mashine zingekuwa zimeongeza uzalishaji kiasi cha kumwezesha mtu kufanya kazi saa 15 tu kwa wiki. Kuhusu utajiri hakukosea sana, maana nchi alizozifikiria zimetajirika mara kadhaa. Kuhusu saa alikosea. Maelezo yanayonishawishi zaidi yanatoka jikoni. Mwaka 1983 mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, alionyesha kwamba mashine za kufulia, majiko ya gesi na vifaa vingine vya nyumbani havikuwapunguzia akina mama wa nchi yake saa za kazi kama ilivyotarajiwa. Mambo mawili yalitokea. Viwango vilipanda: kufua kulipokuwa rahisi, nguo zikaanza kubadilishwa mara nyingi zaidi. Na kazi iliyokuwa ikigawanywa kati ya mume, watoto, msaidizi wa nyumbani na dobi ilikusanyika mikononi mwa mtu mmoja, kwa kuwa sasa mtu mmoja aliweza kuifanya yote. Jasho lilipungua kweli, lakini siku haikufupika.

Hilo la pili ndilo ninalowaomba wenye biashara ndogo walitazame kwa makini, kwa sababu linaeleza hali yao kuliko kitabu chochote cha ushauri. Mwenye duka la nguo mwenye simu janja leo ni muuzaji, keshia, mtunza hesabu, mpiga picha, mtangazaji, mpokea malalamiko na mratibu wa bodaboda. Zamani baadhi ya kazi hizo hazikuwapo, na nyingine zilikuwa na wenyewe, watu waliokuwa na mwanzo na mwisho wa siku yao. Kiwango nacho kimepanda. Mteja aliyekuwa radhi kurudi kesho kuuliza bei anaona sasa kuwa kusubiri nusu saa ni kudharauliwa, na alama mbili za bluu kwenye ujumbe humshitaki muuzaji aliyesoma asijibu. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha majaribio yanayoonyesha kwamba mtu anapoihama kazi moja kabla hajaimaliza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka na kazi ya pili huathirika. Fundi cherehani anayekata kitambaa huku akijibu meseji anakata kwa nusu ya akili. Soko lenye watu wengi linaweza hata kufunguliwa usiku kucha, kwa sababu watu hupokezana zamu. Simu ya mtu mmoja haina zamu, kwa kuwa anayelala na anayepaswa kuamka ni yule yule.

Kwa nini kazi isiridhike? Aristotle alikuwa na jibu katika kitabu cha kwanza cha Siasa, na sijaona lililo bora zaidi. Alitofautisha kujipatia mali kwa ajili ya kuendesha nyumba na kujipatia fedha kwa ajili ya fedha. Ya kwanza ina ukomo, maana nyumba ina idadi fulani ya midomo, vitanda na ada za shule; ikitosheka, imetosheka. Ya pili haina ukomo, kwa kuwa hakuna kiasi cha fedha ambacho juu yake hakuna kiasi kingine. Mfanyabiashara mdogo wa kwetu yumo katika zote mbili kwa wakati mmoja. Aliingia sokoni kwa sababu ya nyumba, lakini soko lenyewe limejengwa kwa mantiki ya pili, na chombo anachokibeba kinafuata mantiki ya mahali kinapotumika. Programu ya mauzo itamwonyesha kwamba mwezi huu umeuzidi uliopita, na mwezi ujao itamtaka auzidi huu. Hakuna programu itakayomwambia kwamba imetosha. Neno hilo haliwezi kutoka ndani ya hesabu ya mauzo, kwa sababu hesabu ya mauzo haijui mauzo ni ya nini.

Ndipo dini zinapokuwa na la kusema. Amri ya Sabato katika kitabu cha Kutoka haimpi mtu pumziko kama tuzo ya kumaliza kazi. Siku ya saba inafika kazi ikiwa imekwisha au haijaisha, na inapofika inawagusa mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mnyama, hata mgeni aliye ndani ya malango. Kumbukumbu la Torati linaongeza sababu ambayo kila mwajiri anapaswa kuisikia: mlikuwa watumwa Misri. Pumziko linakuwa alama ya kwamba mtu si mali ya anayemfanyisha kazi, hata kama anayemfanyisha kazi ni yeye mwenyewe. Linganisha na ushauri wa ufanisi wa siku hizi, unaomwambia mtu apumzike ili kesho azalishe zaidi. Pumziko la namna hiyo bado ni kazi. Limeandikwa kwenye daftari la kazi kama matengenezo, na siku litakapoonekana halina faida litafutwa.

Uislamu umeweka mpaka kwa umbo jingine, na tofauti hiyo ina mafunzo yake. Sura ya Ijumaa haiifanyi Ijumaa kuwa siku nzima ya mapumziko. Inawataka waumini waache biashara wito wa sala unapotolewa, na sala ikiisha watawanyike katika ardhi kutafuta fadhila za Mungu. Biashara haikulaaniwa; imeambiwa isimame, kisha ikaruhusiwa kuendelea. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani yetu, wanaona kwamba mauzo yaliyofanywa wakati huo na mtu anayepaswa kuwa msikitini yana dhambi, ingawa mkataba wenyewe unahesabika kuwa sahihi. Naiona hukumu hiyo kuwa na hekima kubwa. Inakubali kwamba bidhaa imeuzwa na fedha imelipwa kihalali, na bado inashikilia kwamba kuna kitu kimepotea ambacho mkataba hauwezi kukionyesha. Kitu hicho ndicho kinachopotea simu inapotetemeka mfukoni mwa kanzu katikati ya hotuba.

Mtu anaweza kusema kwamba teknolojia imelimaliza tatizo hilo: acha mashine iuze wakati mwenyewe anasali. Duka kubwa la kamera la B&H jijini New York, linaloendeshwa na Wayahudi wanaoshika Sabato, lina jibu la vitendo. Tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni tovuti yake haipokei oda. Mteja anaweza kuangalia bidhaa na bei, lakini hawezi kununua. Tovuti haichoki, na ingeweza kuuza bila mtu yeyote kugusa kitu. Wameizima kwa sababu wanaona kuwa kuuza ni tendo lao, na mashine inayouza kwa niaba yao haiwaondoi kwenye tendo hilo. Sisemi kila mwenye duka afuate mfano huo; wako wataalamu wa dini wanaoona vingine kuhusu mashine, na mimi si mtoa fatwa. Nasema tu kwamba duka hilo liliuliza swali la mpaka kabla ya kuuliza swali la mauzo, na bado lina wateja.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la umaskini. B&H ni duka kubwa; mama lishe akizima simu Jumapili, watoto wake watakula nini? Naliheshimu pingamizi hili, na sidhani linajibiwa kwa kuhubiri. Isitoshe, siku hizi kuna deni linalofanya kazi wakati mwenyewe amelala. Huduma ya Fuliza, iliyoanza Kenya mwezi Januari 2019, humwezesha mtu kukamilisha malipo hata salio lisipotosha, kisha kwa kawaida hutoza ada ya kila siku hadi deni lilipwe. Ada hiyo haijui Ijumaa wala Jumapili. Aliyejaza mtaji wake kwa mikopo ya namna hiyo amejifunga kwa kalenda isiyo na siku ya saba, na kumshauri apumzike bila kuligusa deni ni kumwongezea mzigo. Lakini angalia pingamizi hili linathibitisha nini. Linaonyesha kwamba anayeshindwa kupumzika amezuiwa na masharti ya fedha, na masharti yamewekwa na watu, kwa hiyo watu wanaweza kuyabadilisha. Halionyeshi kwamba maskini hahitaji mpaka. Watu ambao Torati iliwapa Sabato kwa kuwakumbusha Misri hawakuwa matajiri.

Pingamizi la pili ni la ushindani: nikifunga saa mbili usiku, jirani yangu atajibu saa nne na kunichukulia mteja. Ni kweli kwa mtu mmoja. Ndiyo maana mipaka iliyodumu haikuwekwa na mtu mmoja. Wito wa sala unasikika mtaa mzima, na kijiji cha Wasabato kinafunga Jumamosi kwa pamoja. Wenye biashara ndogo wana vyama vya soko, VICOBA na makundi ya WhatsApp ya wauzaji wa bidhaa moja, na huko hukubaliana kila siku kuhusu bei, usafi na ulinzi. Saa ya kufunga ni jambo dogo kuliko hayo. Haina haja ya kuwa ngumu kama chuma: injili zinasimulia kwamba Yesu aliponya siku ya Sabato, na duka la dawa lina sababu ya kupokea simu usiku ambayo duka la viatu halina.

Wasio na dini nao wana pa kusimama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na inampa mfanyakazi angalau saa 12 za mapumziko kila siku na saa 24 mfululizo kila wiki. Ufaransa iliongeza mwaka 2017 haki ya mfanyakazi kutofuatwa na simu ya kazi baada ya saa za kazi, ikayataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi yajadiliane namna ya kuitekeleza. Biashara yenye binti mmoja wa kaunta na kijana mmoja wa stoo iko chini kabisa ya idadi hiyo, na hapo ndipo dhamiri ya mwenye biashara inapobeba kazi yote. Bosi anayetuma agizo kwenye kundi saa tano usiku, hata akiandika kwamba linaweza kusubiri asubuhi, ameshachukua sehemu ya usiku wa mtu mwingine bila kuilipia.

Programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, ina mahali pa kuandika saa za kazi na ujumbe wa kumjibu mteja anayeandika nje ya saa hizo. Mwenye biashara unayesoma haya, ijaze sehemu hiyo kabla hujapakua programu nyingine yoyote ya kuongeza ufanisi, kubaliana na wenzako wa mtaa juu ya saa ya kufunga, na saa utakazojiandikia wewe ziwe ndizo utakazowapa unaowaajiri.