Sponji Isiyopenda Bomba
Wewe unayefuga samaki sebuleni, leo angalia sponji ya chujio lako. Ule utelezi wa kahawia unaouita uchafu ni makazi ya bakteria. Hao ndio wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwa samaki wenyewe na kwenye mabaki ya chakula, kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Ukiisugua sponji hiyo kwa maji ya bomba yenye klorini unawaua, na samaki huenda wakafuata. Ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyateka kwenye tangi hilo hilo la samaki. Ukiweka mkaa mpya kwenye chujio, huo usuuze kwanza hadi vumbi jeusi liishe. Sponji ikichakaa, weka mpya kando yake, zifanye kazi pamoja wiki 4 hivi. Nakusihi, usibadilishe sponji na mkaa vyote siku moja.