Bolti Iliyokatikia Ndani

Somo la wiki: Wagalatia 6:1–5



Ukisimama Natta, au kando ya barabara itokayo Mugumu kuja Robanda, utayaona malori yanayoilisha sehemu hii ya Serengeti. Yanabeba mchanga na saruji, magunia ya mahindi, ng'ombe wa mnadani, na mizigo ya hoteli zilizoko hifadhini. Mengi yamekula miaka barabarani. Dereva mzoefu akiliwasha lake alfajiri haondoki papo hapo. Hutega sikio kwanza. Akisikia tik-tik-tik inayofuata mapigo ya injini, kisha ikafifia injini ikishapata moto, anajua manifoldi ya ekzosi inavuja. Utingo akimulika kwa tochi ataona masizi kwenye hedi ya injini, na mara nyingi hapo penye masizi pana bolti isiyo na kichwa. Imekatika. Nusu imedondoka njiani, nusu imebaki ndani ya hedi.

Wiki hii tujifunze kwa kazi ya kuitoa hiyo nusu iliyobaki. Paulo mwenyewe aliishi kwa kazi ya mikono, akishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na alipowaandikia Wagalatia kuhusu mtu aliyeanguka, aliandika kama mtu anayejua maana ya kutengeneza kitu. Anasema aliyekutwa na kosa asimamishwe tena na watu wa Roho, kwa upole, nao wenyewe wakijichunga. Kusimamishwa tena ni kazi, tena kazi ya ufundi.

Kwanza tujue kwa nini bolti hukatika. Manifoldi ndiyo inayopokea moshi wa moto kutoka kila silinda. Lori la dizeli likipanda mlima na mzigo, joto la moshi huo linaweza kupita nyuzi 500. Chuma kikipata moto hurefuka. Manifoldi ya chuma cha kalibu yenye urefu wa mita 1, ikitoka kwenye ubaridi wa asubuhi ikafika nyuzi 500, hurefuka kwa kama milimita 5. Hedi iliyofungwa nayo hairefuki hivyo, kwa sababu inapozwa na maji na hukaa karibu na nyuzi 90. Bolti ziko katikati ya vyuma viwili visivyokwenda pamoja. Injini ikipata moto zinavutwa upande mmoja, ikizimwa na kupoa zinavutwa upande wa pili, leo na kesho, miaka na miaka. Zinazoteseka kuliko zote ni zile za miishoni, mbele na nyuma, maana huko ndiko chuma husogea zaidi. Ongeza kutu na mtetemo wa barabara za changarawe, na siku moja bolti inakatika.

Tuanzie hapo, wapendwa, kabla ya kuhukumu. Wengi tunaowaona wamekatika walikuwa wamefungwa mahali pa kuvutwa kuliko wengine. Mke aliyeolewa katikati ya koo mbili zenye kinyongo. Kijana ambaye baba anamtaka abaki na ng'ombe, na wenzake wanamwita machimboni Nyamongo. Mzee wa kanisa aliyeachiwa kila mgonjwa, kila msiba na kila mchango. Sisi tunaoishi mpakani mwa hifadhi tunajua pia kwamba tembo wakimaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja, ugomvi wa mume na mke asubuhi yake haukuanzia kwao. Kabla ya kuuliza mtu ana kosa gani, uliza alikuwa amefungwa wapi.

Sasa, lori lenye bolti moja iliyokatika bado linatembea. Hilo ndilo jaribu lake. Mwenye mali ana haraka, mzigo unasubiriwa, na ni rahisi kusema: zibane hizo nyingine, twende. Lakini zilizobaki sasa zinabeba na sehemu ya iliyokatika. Ukizibana kupita kiasi unaziongezea mateso, na mara nyingi inayofuata kukatika ni jirani yake. Gasketi inaungua. Moshi uliopaswa kuzungusha turbo unatokea pembeni, kwa hiyo lori linakosa nguvu na kula mafuta. Moshi huo ukipata upenyo wa kuingia kebini, ndani yake mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayomlevya dereva asijue, na inaweza kumuua.

Ndivyo tunavyofanya katika nyumba na katika makanisa yetu. Ndugu wawili wamekosana juu ya mpaka wa shamba aliloacha baba, hawasalimiani, nasi tunapanga ratiba ya ibada ili wasikutane. Binti mkubwa amekuwa mpeleka maneno kati ya baba na mama wasiozungumza. Mwimbaji mmoja ameondoka kwaya kwa uchungu, nasi tukaongeza mazoezi kwa waliobaki. Nje, mambo yanakwenda. Ndani, mtu wa karibu zaidi na aliyekatika anabeba mizigo miwili, yeye ndiye atakayefuata, na hakuna aliyeuliza habari zake.

Paulo anaagiza katika mstari wa 2 kwamba tubebeane mizigo, na katika mstari wa 5 anasema kila mtu ana mzigo wake wa kubeba. Wengine huona maneno hayo yanagongana. Fundi haoni mgongano. Kila bolti ina sehemu yake, na hakuna inayoweza kufanya kazi ya nyingine daima. Kumsaidia mwenzangu kwa muda ni upendo. Kumwacha amekatika, nikambebesha jirani yake sehemu hiyo maisha yote, ni uzembe uliovaa vazi la uvumilivu.

Basi fundi mzuri anafanyaje? Haanzi kwa nguvu. Kilichoikata bolti ni nguvu, na akija na nguvu tena ataharibu na kilichobaki. Jioni hupaka mafuta yapenyayo kutu kuzunguka kipande, akayaacha usiku kucha yajitafutie njia. Asubuhi hugonga kwa nyundo ndogo, taratibu, ili mtetemo uyaingize mafuta ndani ya hesi. Na zile bolti ambazo bado zina vichwa hazifungui kwa mkupuo mmoja. Huzibana kidogo, akazilegeza kidogo, akaongeza mafuta, akarudia. Asiyejua kazi atadhani anachezea muda wa mteja.

Bwana wetu, katika Mathayo 18:15, aliagiza kwamba ndugu akikukosea, hatua ya kwanza iwe yenu wawili, faragha. Kumtembelea mtu, kumjulia hali, kukaa naye kwa chai kabla ya kutaja shauri, kumsikiliza mpaka aone kwamba umemwelewa, halafu kurudi tena siku nyingine: hayo ndiyo mafuta na usiku wake. Sisi wachungaji tunapenda kikao kimoja chenye muhtasari na saini. Kutu ya miaka mingi haisikii muhtasari.

Kuna hatari mbili ambazo kila fundi atakuonya. Ya kwanza ni ya drili. Bolti ikikatikia ndani ya shimo, mara nyingine hakuna budi kuitoboa. Lakini bolti hiyo ni ya chuma kigumu, na hedi ya malori mengi ni ya chuma cha kalibu, ambacho ni laini zaidi. Drili isiyoanzia katikati kabisa huteleza ikakimbilia penye ulaini. Inaiacha bolti ngumu, inaila hedi isiyo na kosa. Ndiyo maana fundi hutulia kwanza, akatafuta kati na kuweka alama kwa panchi, kabla hajagusa swichi.

Mabaraza yetu ya usuluhishi huenda vivyo hivyo yasipoangaliwa. Mwenye kosa ni mgumu, ana sauti, ana mali. Pembeni yake amekaa mpole. Shauri linateleza kutoka kwa mgumu na kumwangukia mpole, na mwisho anayeambiwa aombe radhi ni mjane, au yatima, au bibi harusi mgeni katika ukoo. Enyi wazee mnaoketi kusuluhisha, tafuteni katikati ya jambo kabla hamjaanza kutoboa. Ukiona anayelia ni yule asiye na kosa, simamisha kikao.

Hatari ya pili ni ya kile kifaa cha kupigilia ndani ya tobo ili kukizungusha kipande kitoke. Kimetengenezwa kwa chuma kigumu mno. Kikilazimishwa, hukatikia humo humo, na drili ya kawaida haikiingii tena. Tatizo lililokuwa la asubuhi moja limekuwa la kuishusha hedi nzima. Kumtaja mtu madhabahuni kabla hujamwendea nyumbani kwake ni jambo la namna hiyo. Kumtenga kwa hasira, kumsomea andiko mbele ya watoto wake, kutumia ugumu kumshinda mgumu: maneno hayo hubaki ndani yake, na atakayekuja baada yako atakuta kazi ngumu kuliko uliyoikuta wewe.

Lakini iko njia ambayo mafundi wengi huipenda kuliko zote, na naomba tuitazame kwa makini, maana humo naiona Injili yenyewe. Bolti iliyokatika haina kichwa. Spana haina pa kushika. Huwezi kuiambia itoke, na haiwezi kujitoa. Fundi huchukua nati mpya, nzima, akaiweka juu ya kile kipande, kisha akaichomelea kwa ndani mpaka vyuma viwili vinakuwa kimoja. Moto ule unakipasha kipande, kinatanuka. Kikipoa kinanywea, na kutu iliyokishika inaachia. Sasa spana ina pa kushika. Anazungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, na kipande kinatoka pamoja na nati. Mara nyingine nati hubanduka peke yake, kipande kikabaki. Fundi huchukua nyingine akachomelea tena.

Waebrania sura ya 2 inatufundisha kwamba Mwana wa Mungu alishiriki damu na nyama kama sisi, akafananishwa na ndugu zake kwa kila jambo isipokuwa dhambi, kama sura ya 4 inavyoongeza. Hakusimama mbali akatuamuru tujitoe tulikokwama. Sisi hatukuwa na pa kushikwa. Yeye aliye mzima aliunganishwa nasi tuliokatika, na muungano ule ulipita katika moto wa msalaba. Alipoinuka, tuliinuka pamoja naye. Hii ndiyo sababu Paulo, katika 2 Wakorintho 5, anasema Mungu alitupatanisha naye kwa Kristo, kisha akatukabidhi sisi huduma hiyo hiyo ya upatanisho. Anayepatanisha hukubali kuungua kidogo. Muda wake utakwenda, jina lake litasemwa, na pengine atakataliwa mara ya kwanza na arudi tena. Asiyetaka kukaribia moto hawezi kumtoa mtu yeyote.

Na kipande kikitoka, kazi bado. Fundi hupitisha tepu ya kukatia hesi kusafisha shimo. Ikiwa hesi imeharibika, hulipanua shimo na kuweka hesi mpya ya chuma. Hedi haitupwi kwa sababu ya bolti moja. Huweka gasketi mpya na bolti mpya, akazipaka grisi ya kustahimili joto. Hazibani moja moja hadi mwisho. Huanzia katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko, kila moja ikipata kidogo mpaka zote zinalingana. Na waangalifu huziangalia tena baada ya injini kupata moto na kupoa.

Mtu aliyerejea kundini naye anastahili uangalizi huo. Usimpe uzee wa kanisa kesho yake ili kuonyesha kwamba yamekwisha. Usimwache peke yake pia. Baada ya msimu wa kwanza wa joto, yaani njaa ya kwanza, msiba wa kwanza, mabishano ya kwanza, mwendee tena umuulize anaendeleaje.

Hapa kwetu Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme, Wakurya na Watatoga tunakutana katika mnada mmoja, na wengi wetu katika ibada moja. Tumefungwa pamoja, tukapata joto pamoja. Kukatika kutatokea. Kanisa hupimwa kwa kile linachofanya siku ya pili yake.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja wiki hii. Kila mmoja alitaje mbele za Mungu jina la mtu mmoja aliyekatika katika nyumba yake au katika jumuiya yake, na jina la yule jirani anayebeba mizigo miwili kwa ajili hiyo. Muombee wa kwanza usiku. Mshukuru wa pili kwa kinywa chako, maana huenda hajawahi kushukuriwa. Kisha kabla ya Jumapili uende, bila ujumbe na bila mashahidi, ukamjulie hali aliyekatika. Usiwabane waliobaki. Nenda kwake.