Udhuru Uliochakaa

Chombo kilichopanda fungu la mchanga hakiyumbi. Abiria mgeni wa bahari huweza kudhani kuwa kimetia nanga bandarini, akalala usingizi. Baharia ndiye aonaye kwamba upepo unavuma, tanga limejaa, lakini mnazi ulioko ufuoni uko pale pale. Maisha ya mtu nayo huweza kukwama kwa utulivu wa namna hiyo. Twadhani kukwama huja na maumivu. Mara nyingi huja na raha.

Basi mtu atajuaje? Nionavyo mimi, na auchunguze udhuru wake. Kila mmoja wetu anao udhuru wa kutotenda jambo fulani, na aghalabu ulikuwa wa kweli siku ulipozaliwa. Lakini sababu hufa, udhuru ukabaki hai, na mwenyewe akaendelea kuulisha.

Kimani Maruge hakupata kusoma utotoni. Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilifuta karo ya shule za msingi. Wazee wengi waliisikia habari hiyo wakawafurahia wajukuu wao. Yeye aliisikia kana kwamba imetangazwa kwa ajili yake. Januari 2004, akisema kuwa ana miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, amevaa kaptura na soksi ndefu kama watoto wenzake. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Wapo waliomcheka, umri, walisema. Alifariki mwaka 2009 kabla ya kumaliza shule ya msingi, wala simhesabu miongoni mwa waliokwama.

Najihesabu mimi. Kwa miaka minane nilifundisha kwa daftari moja la maandalio, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai. Mwaka wa kwanza nilisema kuwa shule haina vitabu, na ilikuwa kweli. Mwaka wa tatu vitabu vililetwa, nikavifungia kabatini visiharibike, nami nikaendelea kusema vile vile. Mwaka wa nane msichana mmoja aliinua mkono, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, vitabu vilivyomo kabatini ni vya nani?"

Darasa zima lilinyamaza. Ufunguo wa kabati tuliutafuta siku tatu.